Inkscape kwa kazi za stika: kuunga na kufunga mistari

Natumia Inkscape, programu ya kuchora kwa mistari, hapa Moshi kwa stika za milango ya magari ya utalii na nembo za fulana, kazi zinazoishia kwenye plota ya kukata vinili. Kwa programu ya bure, inanitosha kabisa. Kinachowasumbua wengi ni umbo lililo wazi, kwa sababu kwenye kioo cha kompyuta halijionyeshi. Ukijaza rangi mstari ambao haujafungwa, rangi inakaa vizuri tu, kana kwamba kuna mstari mnyoofu kati ya ncha zake mbili. Plota haina habari na rangi. Inafuata mstari, na palipo wazi kisu hakipiti. Ukianza kubandua mabaki, stika yenyewe inafuatana nayo.

Chukua mchoro wa Mlima Kilimanjaro unavyoonekana kutoka huku, Kibo kushoto na Mawenzi kulia, umechorwa kwa mistari miwili inayokutana katikati ya vilele. Chagua yote miwili, bonyeza Ctrl+K iwe kitu kimoja. Hatua hii usiiruke, maana ncha za vitu viwili tofauti haziungani hata ubonyeze mpaka kesho. Kama mistari ilikuwa ndani ya kundi, vunja kundi kwanza kwa Ctrl+Shift+G.

Sasa bonyeza N kupata zana ya nodi (vile vidoto vinavyoshikilia mstari, pamoja na vya kwenye ncha zake), kisha buruta kipanya kuzungushia pale mistari inapokutana. Angalia maandishi ya chini kabisa ya dirisha: yakisema umechagua nodi 2, zimelaliana lakini hazijaungana. Ikiwa ni 1, hapo pamefungwa. Ukaguzi huu nauamini kuliko kukuza mchoro, kwani nodi zilizolaliana barabara hazitengani hata ukikuza mara mia.

Shift+J inazifanya mbili kuwa moja, na hiyo moja inakaa katikati ya zile mbili. Hapo ndipo michoro inapoharibika. Ncha zikiwa zimeachana milimita 3, kila upande unasogezwa milimita 1.5, na mteremko wa Kibo uliouchora kwa subira unapinda. Ukitaka ncha moja ibaki palepale, weka mshale wa kipanya juu yake bila kubofya, ndipo ubonyeze Shift+J. Ncha ya pili ndiyo itakayoifuata. Kwa kitako cha mlima, ambako ncha ziko mbali, tumia Alt+J: inaongeza mstari kati yake bila kusogeza chochote. Ukiona muungano umetoka na kona usiyoitaka, Shift+S inailainisha.

Kuna wanaochagua nodi zote kwa Ctrl+A na kupiga Shift+J mara moja, hasa kwa faili za DXF (michoro ya kutoka programu za kihandisi) zinazokuja vipandevipande. Inafanya kazi kama kila ncha ina mwenzake jirani. Ncha iliyobaki peke yake itatafutiwa mwenza hata upande wa pili wa mchoro, na utaona mstari umekatiza katikati ya Mawenzi. Mimi nachagua sehemu kwa sehemu. Na usijaribu kuunga mistari kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Hiyo ni ya kuunganisha maumbo, na mistari iliyo wazi itaifunga kwanza kila mmoja kivyake.

Picha iliyogeuzwa kuwa mistari kwa Shift+Alt+B, kwa njia yake ya kawaida, inatoka imefungwa tayari. Huko kazi ni kupunguza nodi tu.

Ukitaka uhakika kabla ya kutuma plotani, fungua Ctrl+Shift+X, dirisha linaloonyesha mchoro kama maandishi, chagua umbo lako, soma sifa iitwayo d, ambamo kila kipande cha mstari kinaanza na M au m. Kila kipande kilichofungwa kinaishia na herufi z. Ukikuta M au m nyingine inaanza bila z kabla yake, kipande kilichotangulia kiko wazi.

Kama z zote zipo na bado kona moja inang'ang'ania wakati wa kubandua, mchoro hauna kosa. Kisu cha kuburuta kina ncha iliyo pembeni ya mhimili wake, mara nyingi kama milimita 0.25, kwa hiyo kinaweza kuishia kabla ya kukutana na pale kilipoanzia. Ongeza kwenye programu ya plota urefu mdogo wa kupitiliza mwisho wa mkato, nusu milimita hivi, kisha jaribu kwenye kipande cha vinili kilichobaki.