Moyo ukiwa mzito: shairi au kofia ya vito?

Hapa Lamu mwanamume akielemewa hasemi. Ataulizwa hali, atajibu "njema" hata kama usiku hakufumba jicho. Sanaa mbili za kumpunguzia mzigo ziko karibu naye: kutunga shairi na kushona kofia ya vito.

Shairi halina gharama: kalamu na daftari, basi. Tarbia, aina moja ya shairi, ina mishororo 4 kila ubeti, kila mmoja mizani (silabi) 16, 8 za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili. Kwa maoni yangu, masharti hayo ndiyo dawa yenyewe. Ukitaka kusema umechoka, lazima utafute kina kitakachokubali, na katika kutafuta huko unalitazama jambo lako upya, neno kwa neno. Tena shairi hukuruhusu kufumba: taja jahazi lililochanika tanga, atakayeelewa aelewe, asiyeelewa shauri yake. Ubaya? Peke yako usiku, maneno yaweza kukuzamisha badala ya kukuopoa.

Kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, haisemi lolote. Ni sindano, uzi na vitundu vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, miezi kadhaa kwa kofia moja. Ila hushonwa barazani, kati ya watu, na mikono ikishughulika ulimi hulegea. Anayeogopa maneno ningemwanzisha hapa. Na kofia huuzwa. Shairi, aghalabu, huombwa bure.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapitio ya tafiti zaidi ya 3,000, likaona sanaa husaidia afya ya mwili na ya akili. Lakini mtu akianza kuwaza kujiua, hayo yote yangoje: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.