Fail2ban kwenye seva ya nyumba ya wageni, Shela, Lamu: uzoefu wangu

Fail2ban ni programu ya ulinzi inayokaa ikisoma logi, yaani kumbukumbu za matukio ya seva. Ikiona anwani ya IP imekosea nenosiri mara kadhaa ndani ya muda uliowekwa, inaifungia nje. Ni ya bure, na hata Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo, inaibeba bila kuhema. Kwangu inalinda SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) na ukurasa wa kuwekea vyumba. Naipa nne kwa tano. Ile moja nimeikata kwa sababu inapoharibika hunyamaza.

Mfano ni Debian 12, toleo la mfumo wa Linux. Toleo hilo haliji na rsyslog, programu inayoandika logi kwenye mafaili, kwa hiyo `/var/log/auth.log` haipo. Fail2ban inakosa faili la kusoma, inakataa kuwaka, na SSH inaendelea kama kawaida bila mlinzi. Usihangaike kuiondoa na kuirudisha. Weka `python3-systemd`, fungua `/etc/fail2ban/jail.local` (`jail.conf` iache kama ilivyo), kisha chini ya `[sshd]` (sehemu ya SSH) andika `backend = systemd`, isome logi za systemd badala ya faili. Kabla ya kuiwasha tena, piga `fail2ban-client -t` ikuonyeshe kama kuna kosa la uandishi.

Linalosumbua zaidi Lamu ni saa. Kawaida Fail2ban hufungia baada ya makosa 5 ndani ya dakika 10. Sasa, programu ya vyumba ikiwa ndani ya kontena (kisanduku cha programu kilichotengwa na seva yenyewe), mara nyingi logi yake huandikwa kwa saa ya UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko mbele saa tatu. Kosa la sasa hivi linaonekana la saa tatu zilizopita, halihesabiwi. Matoleo mapya hutoa onyo ndani ya `fail2ban.log`, ya zamani hupita kimya. Ipe kontena `TZ=Africa/Nairobi`, au afadhali logi iandike tofauti ya saa yenyewe, `+0300`.

Halafu kuna stima. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Umeme ukirudi huanzia pale ilipokomea, na intaneti ikishika saa inaruka mbele ghafla. Waliofungiwa dakika 10 wanaachiliwa papo hapo. Kimoduli cha DS3231, saa ndogo yenye betri, kinaponya hilo: nyaya nne, na mstari `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye `config.txt`. Kifungie ndani ya kijaluba, maana hewa ya chumvi huku haichelewi kuotesha kutu kwenye pini.

Kilichonifanya niipende ni `fail2ban-regex`. Unaipa logi na kichujio (kanuni za kutambua mistari ya makosa), mathalani `fail2ban-regex systemd-journal sshd`, nayo inakuhesabia mistari iliyonaswa na iliyoponyoka. Kosea nenosiri makusudi mara mbili kisha uipige. Ikisoma sifuri, kichujio chako ni pambo tu.

Usiweke `bantime = -1`, yaani kufungia milele. Wateja wanaotumia data ya simu hugawana anwani moja ya nje, wengi kwa pamoja. Ukimfungia mmoja milele umewafungia na majirani zake. Mimi naacha dakika 10 na kuongeza `bantime.increment = true`, anayerudia adhabu inakua. Mtandao wa ndani wa nyumba uingize kwenye `ignoreip` (orodha ya anwani zisizofungiwa) kabla ya yote, la sivyo utajifungia mwenyewe, na hapo itabidi uchomeke kibodi na skrini kwenye seva ndipo upige `fail2ban-client set sshd unbanip` pamoja na anwani yako.