Tripodi ya video: kabla hujauliza kilo, angalia chini ya kichwa

Meseji ninazopata siku hizi ni kama zimeandikwa na mtu mmoja. Dada nimenunua kichwa kizuri cha video, kile cha juu kinachoshika kamera na kuigeuza, nimenunua na miguu mizuri, nimevifunga vyote vimekaa, bibi harusi anaingia ukumbini nageuza kamera kumfuata, kichwa kinaanza kucheza. Na karibu wote dukani waliuliza maswali yale yale, inabeba kilo ngapi, inarefuka mpaka wapi. Hayo leo sizungumzii kabisa, yameandikwa kwenye boksi, jisomee.

Tuanze na skrubu. Ziko saizi mbili. Ya juu inayoingia kwenye kitako cha kamera ni robo inchi, na ya chini inayoshika kichwa na miguu, kwenye vifaa vya kikazi, ni 3/8 ya inchi, yani kama milimita 9 na nusu. Ile ndogo ina nyuzi 20 kwa inchi, kubwa ina 16, na ni hivyo hivyo uwe umenunua kitu cha Italia, cha China au cha Marekani. Kwa hiyo anayekwambia kichwa cha kampuni hii lazima kikae kwenye miguu ya kampuni hiyo hiyo anataka ununue seti nzima tu. Kuna miguu midogo ya safari na monopodi, yani zile za mguu mmoja, ambazo juu zina skrubu ya robo inchi, hapo unatafuta bushi, kale kapete kenye nyuzi ndani na nje, unakapachika kwenye tundu la 3/8 la kichwa linakuwa la robo.

Ila tafadhali usiende duka la vifaa vya ujenzi kutafuta boliti mbadala. Pale zimejaa za milimita, utapewa M6 na utaambiwa "inaingia tu hiyo dada". Kweli inaingia. M6 ni milimita 6, robo inchi ni milimita 6.35, na nafasi kati ya uzi na uzi hailingani, M6 ni milimita 1 wakati ile ya kamera ni 1.27, kwa hiyo inaingia huku inapwaya, ukiikaza kwa spana inakula nyuzi za kitako cha kamera, na hapo tena hatuongelei bei ya boliti.

Haya, sasa kasoro ambayo hakuna anayeiangalia.

Kichwa unakifunga kwenye miguu kwa kukizungusha kulia. Ukiwa kazini ukigeuza kamera kwenda kulia unazidi kukikaza, hamna neno. Ukigeuza kwenda kushoto unakifungua! Ndo hivyo tu, hakuna uchawi wala kichwa feki. Na inakuwa mbaya zaidi ukiwa umekaza ule ugumu wa kugeuza ili picha iende taratibu, au umesahau kufungua loki ukavuta fimbo ya kugeuzia, mana nguvu ya mkono badala ya kuzungusha kichwa inashuka mpaka kwenye ile skrubu ya chini. Ukiwa umeweka na bushi pale chini ndo balaa, mara bushi inatoka na kichwa, mara inabaki imeng'ang'ania na huwezi kuitoa.

Dawa yake ni vitu vidogo sana. Chukua miguu, igeuze, angalia upande wa chini wa ile sahani ambayo kichwa kinakalia. Miguu ya maana ina viskrubu vidogo vimezama mle, mara nyingi vitatu, unavikaza kwa alenki (ule ufunguo wa pembe sita) au bisibisi ndogo, vinasukuma kwenda juu vinabana kitako cha kichwa, hakizunguki tena. Unakaza kichwa kwanza mpaka mwisho ndo unakuja kwenye viskrubu, na siku ya kutoa unaanza kulegeza viskrubu, sio unakamata kichwa na plaizi ukakizungusha kwa hasira mpaka sahani inachubuka. Sahani haina viskrubu? Mimi sinunui, hata iwe ya kaboni.

Alafu beba karatasi, hata risiti. Funga kichwa pale pale dukani, jaribu kuipenyeza risiti kati ya kichwa na sahani. Ikipenya maana yake skrubu imegonga mwisho kabla kichwa hakijakaa, na hicho kitacheza hata ukaze vipi.

Kwa mpangilio wangu, na upendeleo ninao wala siufichi, ya kwanza ni miguu ya kampuni ya Manfrotto, 055, na kichwa cha MVH502AH. Hata ya mtumba. Mimi 055 iliyochubuka rangi naichukua mbele ya miguu mipya ya jina nisilolijua, vile viskrubu vya chini ya sahani inavyo, na kila kitu kinafunguka na kufungika. Ila soma hiyo H ya mwisho mara mbili. Kuna MVH502A na kuna MVH502AH. Yenye A peke yake ina kitako cha nusu tufe cha milimita 75, kinataka miguu yenye bakuli juu. Yenye AH ina kitako bapa chenye tundu la 3/8. Wadogo zake 500A na 500AH ni vile vile, ila tufe la 500A ni la milimita 60 kwa hiyo hata bakuli la 75 halilifai. Herufi moja hiyo.

Ya pili ni miguu yenye bakuli la 75 yenyewe, kama kazi zako ni za nje. Mwanza hii ni ya mawe, ukipanda Capri Point au uko Bujora kwenye ngoma za Bulabo na wachezaji wanahama, hutaki kupiga magoti kurefusha mguu mmoja mmoja ili kamera ikae sawa. Kwenye bakuli unalegeza nobu ya chini, unaangalia lile povu la kipima usawa, unakaza, umemaliza. Kichwa bapa ulichonacho kinakaa humo ukinunua adapta ya nusu tufe yenye skrubu ya 3/8. Kinyume chake, kichwa cha tufe kwenye miguu bapa, ndo pana shida.

Ya tatu ni ya kampuni ya Benro, vichwa vya S4 na S6, ya kwanza kilo 4 ya pili kilo 6 (haya, nimezitaja kilo). Kitako bapa, 3/8, kazi nzuri, kama Manfrotto hupati chukua hii usijute.

Zile nyepesi za simu, 3110 na jamii yake, kichwa kimeunganishwa na miguu moja kwa moja. Hakuna cha kulinganisha pale.

Kinachonikera ni wauzaji wa mtandaoni. Wanaandika "Manfrotto 502 original", basi, A au AH hakuna anayesema, ukiomba picha ya kitako unatumiwa picha ya boksi, ukiomba tena unaonekana msumbufu. Unalipa, mzigo unatoka Dar na basi, unaufuata stendi ya Nyegezi, unafungua ni tufe. Ukipiga simu unaambiwa rudisha tu dada hamna shida, ila nauli ya kuurudisha ni yako, na pesa yako utaisubiri mpaka apate mteja mwingine. Na huku mjini nako bei inapangwa kwa kukuangalia, ukiingia na begi la kamera mgongoni imeshapanda. Mimi begi naliacha nyumbani, naingia na risiti na alenki mfukoni, na asiyetaka nifungue boksi namwachia boksi lake.