Ziara ya Kilwa Kisiwani: huduma ya waongozaji wa Masoko na yale inayoyaacha

Msafiri anayetoka Mtwara au Lindi mjini kwenda kuyaona magofu ya Kilwa Kisiwani huiacha barabara kuu ya Dar es Salaam pale Nangurukuru na kushuka hadi Kilwa Masoko, ambako ndiko kibali hulipiwa na waongozaji hupatikana. Maoni yangu yanaihusu huduma hiyo ya kuongozwa, kama nilivyoipata kwa kikundi kimoja cha vijana wa Masoko. Niseme mapema kwamba naipendekeza, na kwamba fedha niliyotoa haikupotea bure. Hata hivyo, kuna jambo zito ambalo huduma hii bado haijalitendea haki: Kilwa ilikuwa dola ya kisiwani iliyokaa kwa karne nyingi ikipimana nguvu na majirani zake, na mgeni anayeonyeshwa kuta peke yake hurudi nyumbani akiwa na nusu ya habari.

Kuhusu malipo, ni vyema mgeni aombe kutajiwa mbali mbali gharama ya kibali, ya chombo na ya mwongozaji, kwa kuwa bei ya jumla tuliyopewa mwanzoni haikuonyesha kama chakula kimo au hakimo, na hakikuwamo. Chombo chetu kilikuwa boti la mashine lenye maboya ya kutosha abiria wote. Safari ni fupi, lakini maji yakiwa yamekupwa abiria hushuka na kutembea majini hadi ufukweni, kwa hiyo wazee na wenye watoto wadogo waulize mapema saa za maji kujaa.

Ubora wa mwongozaji wetu ulionekana zaidi kwenye Msikiti Mkuu. Alituanzisha kwenye sehemu ya kaskazini, iliyo kongwe, ambayo asili yake ni ya karne ya 11, kisha akatupeleka kwenye upanuzi mkubwa wa karne ya 14 wenye makuba na matao, ambao baadaye uliporomoka na kujengwa upya katika karne ya 15. Aliuweka mkono wangu juu ya jiwe la mhimili na kunionyesha vitundu vidogo vidogo vya tumbawe, akaeleza kwamba mafundi walilikata tumbawe likiwa bichi kutoka baharini, wakalichonga lingali laini, nalo likawa gumu lilipokauka. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Maelezo haya yalitolewa kwa utaratibu, bila haraka, na kila swali lilijibiwa.

Husuni Kubwa nako tulihudumiwa vizuri. Hili ni kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililojengwa juu ya mwamba unaoitazama bahari, lenye vyumba vinavyozidi mia moja na birika la kuogea la pembe nane ambalo umbo lake linasomeka wazi hadi leo. Huyu ndiye sultani aliyemkaribisha Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Moroko, mwaka 1331, na mgeni huyo alisimulia jinsi fakiri kutoka Yemen alivyoomba nguo alizovaa sultani, naye akampa. Mwongozaji aliisimulia habari hiyo kwa ufasaha, akaiunganisha na dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo iliyokuwa chini ya mamlaka ya Kilwa, na sarafu za shaba zilizofuliwa hapa, ambazo mojawapo iligunduliwa kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu.

Ila Ibn Battuta huyo huyo aliandika kwamba sultani alikuwa akifanya mashambulizi katika nchi za bara na kuteka mali, akitenga sehemu moja kwa tano kwa mujibu wa sheria ya dini. Hilo halikutajwa. Vivyo hivyo kwa habari ya kale ya kununuliwa kwa kisiwa. Tuliambiwa kwamba Ali bin al-Hasan, mtoka Shirazi ya Uajemi, alikinunua kwa nguo za kutosha kukizunguka, na simulizi likaishia hapo, wageni wakatabasamu. Tarikh ya Kilwa, yaani maandishi ya kale ya historia ya masultani wake, haiishii hapo. Inaendelea kusema kwamba mtawala aliyeuza alihamia bara akiwa na nia ya kurudi na kumwua mnunuzi, na kwamba mnunuzi alikichimba kivuko kilichokuwa kikipitika kwa miguu maji yakipwa, ili bahari ibaki kati yao daima. Awe mtu anaichukua kuwa historia au ngano, sehemu hiyo ya pili ndiyo inayobeba hofu ya watu wa kisiwani kwa jirani wa bara mwenye watu wengi kuwaliko.

Kwenye Gereza, ndilo jina la ngome ya kisiwani, Wareno walielezwa vya kutosha: Vasco da Gama aliyemlazimisha Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa wakati huo, kutoa kodi mwaka 1502, Francisco de Almeida aliyeuteka mji mwaka 1505, na askari wao walioondoka mwaka 1512. Lakini tuliachwa tuamini kwamba jengo lote tunaloliona ni lao, ilhali sehemu kubwa yake ni ya enzi ya Waarabu wa Omani, iliyojengwa juu ya mabaki ya ngome ya Kireno. Kosa hili si dogo, kwa sababu linamficha jirani aliyekuja kuimaliza Kilwa kama dola.

Udhaifu mkubwa ulijitokeza Makutani, kasri lililoendelea kutumika na kupanuliwa katika karne ya 18. Hapo ndipo mahali pa kueleza mkataba wa 1776, ambao sultani wa Kilwa aliufunga na mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice, akiahidi kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi, hususan kile kinachoitwa leo Morisi. Kilwa ilikuwa imejitenga na Omani na ilihitaji rafiki mwenye merikebu. Rafiki huyo hakuiokoa, kwa kuwa Waomani walirudi katika miaka ya 1780. Na baada ya Sayyid Said, mtawala wa Omani, kuihamishia enzi yake Unguja, sultani wa mwisho wa Kilwa alipelekwa uhamishoni Muscat katika miaka ya 1840. Biashara ilikuwa imekwisha kuhamia Kilwa Kivinje, upande wa bara, ambako misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliteremsha watu waliouzwa kwenda soko la Unguja, hadi soko hilo lilipofungwa mwaka 1873.

Haya yote tulipewa kwa sentensi chache tukiwa tunatembea. Mama mmoja wa makamo kutoka Newala, aliyekuwa katika kundi letu, alisimama akauliza, "Mwanangu, na sisi wa bara wakati huo tulikuwa wapi?" Kijana akamjibu kwa heshima, "Mama, hapo ndipo pagumu. Wageni wengi hawapaulizi, nasi hatupasemi sana." Nilimthamini kwa ukweli wake. Hata hivyo, sisi wa Lindi na Mtwara tuna haki ya kuelezwa kwamba uhuru wa kiti cha enzi cha kisiwani ulilipiwa kwa watu wa bara, na jambo hilo linaweza kusemwa bila kumtukana mwenyeji yeyote wa Kisiwani anayeishi hapo leo.

Wenyeji hao, niongeze, walitupokea vizuri, na mwongozaji aliwaamkia wazee kabla ya kutupitisha karibu na nyumba zao. Wali na pweza wa nazi tuliopikiwa kijijini, kwa malipo ya pembeni, ulikuwa mtamu. Magofu yenyewe yanatunzwa: yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014.

Kwa kikundi kilichotuongoza nina ombi moja. Ziara iishie Makutani, wageni wakiwa wameketi kivulini, na karne mbili za mwisho zipewe muda sawa na ule wa Msikiti Mkuu. Kwa anayepanga kwenda, Songo Mnara itengewe siku yake, kwa kuwa ni mbali zaidi na hutegemea maji. Na akifika Makutani aulize habari za 1776, maana vijana wanazijua, na wakiulizwa huzieleza.