Pawabenki mjini Unguja: pa kuanzia na pa kupita

Mwezi uliopita nilizunguka maduka manne kutafuta pawabenki, ile betri ya kubeba ya kuchajia simu, ya 20,000 mAh (kipimo cha chaji inayoingia kwenye betri). Boksi lile lile, rangi ile ile. Duka la kwanza, Mlandege, walianzia 65,000. La pili, hatua chache mbele, 55,000. La tatu 70,000 na hawapunguzi. La nne, karibu na Darajani, kijana akaniuliza, "Dada, huko ulikotoka wamekwambia ngapi?" Nikamwambia kweli. Akaniachia kwa 50,000, na risiti akaandika.

Ila kabla ya kuuliza bei, hakikisha unalinganisha kitu kimoja. Ile 20,000 ya herufi kubwa ni uwezo wa betri za ndani, kwa volti 3.7. Simu inapokea volti 5, na njiani umeme mwingine unapotea kwa joto, kwa hiyo unachopata hasa ni kama 12,000 au 13,000. Kampuni za kweli huiandika namba hiyo nyuma, kwa herufi ndogo. Ipindue uisome. Ukiona 50,000 kwenye kitu kinachoenea kiganjani kama kipande cha sabuni, kirudishe. Uzito peke yake usikudanganye: niliwahi kununua moja nzito kwelikweli, ikafa wiki ya pili. Fundi alipoifungua, betri ilikuwa moja tu, na pembeni kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi. Siku hizi naichomeka simu yangu pale pale dukani, nasimama dakika kumi.

Sasa pa kununua. Mimi naweka mbele Darajani na Mlandege, kwa sababu maduka yamepakana na muuzaji anajua ukitoka kwake unaingia kwa jirani. Nenda asubuhi. Kumi la mwisho la Ramadhani usijisumbue, watu wamejaa na hakuna mwenye haja ya kukupunguzia.

La pili ni Michenzani Mall. Bei niliyoikuta huko ilikuwa juu kidogo, lakini kwa kitu cha laki na zaidi nakubali kulipa hiyo tofauti, maana kikiharibika duka nalijua na nitalikuta.

Kuagiza Kariakoo naweka la tatu. Bei ya kule huvutia, lakini kwa kipande kimoja gharama ya mzigo kwenye boti inaila faida yote, na kikija kibovu nani atakirudisha Dar? Agizeni mkiwa watano au sita. Anayekuletea kwa ndege aibebe mkononi, si kwenye begi la chini. Mwisho bila kuomba ruhusa ya shirika la ndege ni 100 Wh (saa-wati, yaani volti mara uwezo wa betri), na ya 20,000 mAh ina 74, haina tatizo.

Duka la mtaani ni la waya wa chaja, basi. Mchuuzi wa kupita simnunulii kitu chenye betri hata akiniuzia kwa 10,000, kwa sababu kesho simpati.

Walioko Pemba, maduka ya Chake Chake ni machache zaidi. Mwombe jamaa yako wa mjini akutumie picha ya boksi na bei kwa WhatsApp, kisha ingia dukani na simu mkononi. Wengi hushuka wakiiona.

Risiti isiandikwe "pawabenki 1" tu. Iandikwe jina la kampuni, uwezo wake, na siku ulizopewa za kubadilisha, na muuzaji atie sahihi mbele yako kabla hujatoa pesa.