Kocha wa warushaji besiboli Marekani: afundishe chuoni au ligi kuu (MLB)?

Wanaobishania hili humsahau Wes Johnson, kocha wa warushaji aliyeonja kote kuwili. Baada ya msimu wa 2018 alitoka Chuo Kikuu cha Arkansas, akaenda moja kwa moja Minnesota Twins, timu ya ligi kuu. Juni 2022, msimu ukiwa katikati, akafungasha virago na kurudi vyuoni, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana (LSU), tena kwa mshahara mnono zaidi. Mwaka uliofuata LSU ikatwaa ubingwa wa vyuo kule Omaha, Paul Skenes akiwa mrushaji wake namba moja.

Kwa hiyo hoja ya "ligi kuu ndiko kwenye hela" ina matundu. Ni kweli ukilinganisha na vyuo vidogo, ambako kocha huweza kujikuta ameshika reki akisawazisha udongo wa kilima cha kurushia.

Ratiba? Ligi kuu ni mechi 162 kwa msimu, hoteli mara kwa mara. Chuoni ni 56 kabla ya mtoano, nyingi Ijumaa hadi Jumapili. Ila usiite hayo mapumziko: siku nyingine kocha anasaka vijana wa sekondari na kubembeleza wazazi kwa simu. Wa ligi kuu huletewa wachezaji.

Kwenye kufundisha chuo kinanivutia. Mrushaji wa Ijumaa, yule anayeanza mechi ya kwanza ya wikendi, hutupa mara moja kwa wiki, hivyo Jumanne unaweza kumsogeza kidole kwenye mshono wa mpira na kumtazama akijaribu. Ligi kuu mrushaji anarudi kilimani baada ya siku nne au tano; unarekebisha, hujengi.

Mwenye watoto wadogo aanze na ratiba. Asiyependa kubembeleza wazazi, chuo kitamchosha mapema.