Safari ya Boti ya Siku Moja Kwenda St Kilda: Je, Nauli Yake ni Halali?

St Kilda ni kundi la visiwa vidogo vilivyo peke yao katika Bahari ya Atlantiki, yapata kilomita 65 magharibi ya Hebrides ya Nje, huko Uskoti. Tarehe 29 Agosti 1930 wakazi wake 36 wa mwisho, kwa ombi lao wenyewe, walipanda meli ya kijeshi HMS Harebell na kuhama, na tangu siku hiyo hakuna familia iliyorudi kuishi huko. Kinachouzwa kwa mgeni leo ni safari ya boti ya siku moja, ambayo wengi huianzia katika kijiji cha Leverburgh, kusini mwa kisiwa cha Harris, kwa nauli inayozidi pauni 200 kwa mtu mmoja. Kwa fedha hizo mtu ana haki ya kujua anachonunua. Maoni yangu ni kwamba nauli hiyo ni halali, ila si kwa sababu inayotangazwa zaidi. Matangazo humvuta mteja kwa picha za kijiji kilichohamwa, ilhali sehemu yenye thamani kubwa ni saa ile ya mwisho chini ya miamba ya ndege, ambayo abiria wengi huipoteza kwa uchovu au kwa kutapika.

Nianze na suala la kukata tiketi, kwa kuwa ndilo linaloudhi. Msimu ni kuanzia Aprili hadi Septemba, na bahari ya huko haina ahadi na mtu. Kwa kawaida mteja hutakiwa kuiacha wazi siku inayofuata ile aliyolipia, ili upepo ukikataa leo, boti iondoke kesho. Siku zote mbili zikikataa, hurudishiwa nauli yake. Utaratibu huo ni wa haki, lakini maana yake ni kwamba lazima ulipie malazi ya ziada katika eneo lenye nyumba chache za wageni, na gharama hiyo hakuna anayekurudishia. Kampuni tuliyosafiri nayo, ambayo sitaitaja, ilitujulisha usiku sana kama tunaondoka au hatuondoki, na kwa mtu aliyetoka Glasgow au London kwa basi na feri, kungoja simu hadi saa nne usiku si jambo dogo.

Boti zenyewe ni ndogo, za abiria wapatao 12, zenye injini kubwa na mwendo wa kasi, na mwendo wa kwenda huchukua karibu saa tatu. Kaeni tezi, si omo. Shemeji yangu, mzaliwa wa Pemba aliyekulia kwenye ngalawa, aliwacheka Wazungu waliomeza vidonge vya kichefuchefu pale gatini, na kabla hatujapoteza sura ya Harris yeye ndiye aliyekuwa amekumbatia ndoo. Wimbi la Atlantiki ni refu na huinua boti polepole kabla ya kuiachia, na tumbo lililozoea mawimbi mafupi ya Mkondo wa Pemba halina kinga nalo. Vidonge vimezwe mapema, kabla ya safari. Baada ya kuanza kutapika havisaidii kitu.

Kisiwa kikuu kinaitwa Hirta. Boti hutia nanga katika ghuba ya kijiji, kisha abiria hushushwa wachache wachache kwa boti ya mpira hadi kwenye gati dogo la zege lenye utelezi. Upepo ukivuma kutoka mashariki hakuna kushuka, kwa sababu ghuba iko wazi upande huo. Kabla ya safari mlitakiwa kukagua mikoba yenu kuhakikisha hakuna panya aliyejificha, na mlinzi wa hifadhi hulirudia jambo hilo mkifika. Halina mzaha: St Kilda haina panya wa melini, na ndege wake wengi hutaga kwenye mashimo ya ardhini, mahali ambapo panya wachache wangemaliza mayai na makinda ya miaka mingi. Hifadhi hii iko mikononi mwa National Trust for Scotland, shirika la uhifadhi la Uskoti, tangu 1957, na ni miongoni mwa maeneo machache duniani yaliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia kwa sababu za mazingira na za utamaduni kwa pamoja.

Kijiji ni mtaa mmoja uliojipinda kuifuata ghuba, wenye nyumba 16 zilizojengwa katika miaka ya 1860. Nyingi hazina paa. Chache zimeezekwa upya, na mojawapo ni makumbusho madogo. Ndani ya magofu, penye meko, kumewekwa vigae vya mawe vyenye majina ya waliokaa humo mwisho. Siku ya kuondoka waliacha Biblia na rundo dogo la shayiri katika kila nyumba, wakafunga milango. Baadhi ya wanaume wao walipewa kazi katika idara ya misitu huko bara, watu ambao kisiwani kwao hapakuwa na hata mti mmoja. Mandhari hayo yangekuwa mazuri zaidi kama si kituo cha rada cha jeshi kilicho pale pale ghubani tangu 1957, kwa ajili ya kufuatilia makombora ya majaribio yanayorushwa kutoka Hebrides. Mpiga picha wa matangazo hukipa kisogo, mgeni hawezi.

Kinachostahili muda wako hapo kijijini si nyumba bali vibanda vya mawe viitwavyo kleti, zaidi ya 1,200 katika Hirta peke yake, vilivyotapakaa mpaka juu milimani. Ingia katika kimojawapo. Mlango ni mfupi, utainama. Kuta zimepangwa mawe matupu bila udongo wala saruji, na juu kuna mabamba ya mawe yaliyofunikwa kwa udongo wenye majani. Ukisimama ndani utaona mvua haikupati, lakini upepo unapita katikati ya mawe na kukugusa shingoni, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Humo ndimo walimokausha na kuhifadhi ndege waliowavua miambani, pamoja na mayai, manyoya, na nyasi. Kwenye ncha za mawe ya mlangoni hunasa sufu ya kahawia ya kondoo wa Soay, kondoo wadogo wa kale wasionyolewa na mtu, ambao sasa huishi porini kisiwani na kuchunguzwa na wanasayansi mmoja mmoja tangu 1985.

Hapa ndipo mwongozaji wetu alipotuangusha. Alitueleza vizuri juu ya kanisa, juu ya shule, na juu ya manowari ya Kijerumani iliyoupiga mtaa mizinga mwaka 1918, lakini suala la chakula alilipitia juu juu, kana kwamba ulaji wa ndege wa baharini ulikuwa mila ya ajabu ya pembeni. Ulikuwa ndio uchumi wenyewe. Bahari iliyowazunguka ilikuwa na samaki, ila ilikuwa kali mno kwa uvuvi wa kutegemewa, kwa hiyo walivua miambani: ganeti, ndege mkubwa mweupe, pafini, ndege mdogo mwenye mdomo wa rangi, na zaidi ya wote fulma, ndege wa kijivu anayefanana na shakwe. Fulma alikuwa nyama, mafuta yake yalikuwa ya taa na ya dawa, na manyoya yalikuwa kodi aliyolipwa mwenye kisiwa, ukoo wa MacLeod. Kila asubuhi wanaume walikutana mtaani kuamua kazi ya siku, na uamuzi mzito ulikuwa nani atashuka mwamba upi kwa kamba, miguu mitupu. Karne ya 19 watoto wachanga wengi walikufa kwa pepopunda siku chache baada ya kuzaliwa, hadi ukunga ulipoboreshwa mwishoni mwa karne hiyo, na vijana wakaendelea kuhama. Uchumi wa miamba unahitaji mikono yenye nguvu. Mikono ilipopungua, maisha hayakuwezekana tena. Mwongozaji anayeyaacha hayo anamwachia mgeni magofu tu.

Kwa hiyo nashauri msitumie saa zote nne au tano za nchi kavu mtaani. Pandeni hadi kwenye pengo lililo kati ya vilima vya Conachair na Oiseval. Ni mwinuko wa kawaida wa majani, kisha ardhi inakatika ghafla na mbele yako kuna hewa tupu na bahari chini kabisa. Conachair yenyewe ina mita 430, na upande wa bahari imekatwa kuwa jabali refu kuliko yote Uingereza. Fulma huelea usawa wa macho yako bila kupiga bawa. Msimsogelee aliye kwenye kiota, kwani hujitetea kwa kutema mafuta yanayonuka, na harufu hiyo haitoki kwenye jaketi kwa sabuni ya kawaida. Zamani skua, ndege wa kahawia mwenye ubabe, alikuwa akiwashambulia wageni vichwani njia nzima. Homa ya ndege iliyoanza kuonekana huko 2021 imewapunguza sana, na kimya chao si cha kufurahia.

Alasiri boti huzunguka kisiwa cha Boreray, kilomita chache kaskazini-mashariki ya Hirta, pamoja na majabali mawili yaliyochomoka baharini: Stac Lee na Stac an Armin, hili la pili likiwa na mita 196. Hapa ndipo nauli inapolipa. Ukiwa mbali unadhani Stac Lee limepakwa chokaa. Ukikaribia, chokaa kinagawanyika kuwa ganeti, jozi hadi jozi, kila moja katika nafasi yake ndogo. Hesabu ya 2013 ilikadiria jozi 60,000 hivi katika Boreray na majabali yake. Nahodha alizima injini moja na kupunguza nyingine, kelele za ndege zikatufunika, na harufu ya kinyesi chao ikafika kooni. Ganeti mmoja alikunja mabawa juu ya vichwa vyetu, akaingia majini wima, akaibuka na samaki ameshammeza. Wasomaji wa Unguja wanaokijua kisiwa kidogo cha Fungu Kizimkazi wamewaona jamaa zake wa karibu, wanaotaga chini kwenye ardhi tupu; ukoo ni mmoja, lakini hapa makazi ni ukuta.

Katika jabali hilo la Stac an Armin, mwaka 1727, waliachwa wanaume watatu na wavulana wanane waliokwenda kuvua ndege, kwa sababu ndui iliingia kijijini na hakubaki wa kutosha kuendesha mashua ya kuwafuata. Waliishi hapo hadi Mei ya 1728. Kusoma habari hiyo nyumbani ni jambo moja. Kutazama mahali penyewe, ukitafuta kwa macho ni wapi mtu angelaza hata ubavu, ni jambo jingine. Mwongozaji aliisimulia kwa kipaza sauti kilichomezwa na injini, na abiria wawili tu waliokuwa karibu naye ndio waliosikia. Kampuni ingeweza kuisimulia mapema, boti ikiwa imetia nanga ghubani, na kutuacha pale jabalini tutazame kwa utulivu.

Kuna viumbe ambao tiketi hii haiwezi kukuonyesha. Ndege wadogo weusi wa dhoruba hurudi mashimoni mwao usiku tu, na boti ya saa kumi alasiri haiwakuti. Anayewataka aombe kibali cha kupiga hema, ambacho hutolewa kwa watu wachache. Pafini nao huondoka kuanzia mwanzoni mwa Agosti, na bado tiketi za mwisho wa mwezi huo huuzwa zikiwa na picha yake. Mimi ningechagua Juni: makinda yapo, mchana ni mrefu, na ganeti wamejaa.

Natoa nyota nne kati ya tano, ile ya tano ikikatwa kwa ajili ya kipaza sauti na simu ya usiku. Chukueni chakula chenu kwa kuwa hakuna mgahawa, nguo za mvua hata kama mbingu ni safi, na viatu vyenye meno. Safari haimfai mwenye magoti mabovu, kwa sababu ya kushuka kwenye boti ya mpira, wala mtoto mdogo. Na mkiambiwa na nahodha kwamba bahari imechafuka na mzunguko wa Boreray utafupishwa, muulizeni kabla ya kuondoka Hirta kama anaweza kuondoka ghubani mapema ili muda huo uhamie kwenye majabali. Wetu alikubali.